Je, mipaka ya hifadhi na viwango vya uwindaji viamuliwe na modeli za kihisabati?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mbele yetu inadai kwamba mipaka ya hifadhi, shoroba za wanyamapori na viwango vya uwindaji viachiwe modeli za kihisabati zinazotafuta suluhisho bora, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Nakubali modeli zitumike. Sababu hiyo ndiyo ninayoipinga.

Modeli hizi hupewa masharti, kwa mfano kwamba kila aina ya makazi ya viumbe ihifadhiwe kwa asilimia 20 au zaidi, kisha hutafuta mpangilio unaoyatimiza kwa gharama ndogo. Kazi hiyo huifanya vizuri mno, maana hata vipande 100 vya ardhi vinaweza kupangwa kwa namna nyingi kiasi kwamba hakuna kamati itakayozipitia zote. Lakini maana ya “gharama” huwekwa na mtu. Akihesabu bei ya ardhi pekee, hifadhi itaelekezwa kwa wenye ardhi ya bei ndogo, hata kama ndiyo malisho yao na kuni zao, na kompyuta haitaona kosa lolote.

Wengi hutaja mfano wa Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe nchini Australia, ambako Marxan, programu ya kompyuta ya modeli za aina hii, ilisaidia kupanga upya hifadhi ya bahari, na mwaka 2004 maeneo yasiyoruhusiwa kuvuliwa yakapanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi takriban asilimia 33. Ni mafanikio makubwa, ila tusisahau kwamba wananchi waliwasilisha maoni zaidi ya 31,000, na mipaka ya mwisho ilichorwa na watu waliokuwa na maoni hayo mezani.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa uwindaji wa bata wa mwituni nchini Marekani. Tangu mwaka 1995, wasimamizi hutumia modeli kadhaa zinazopingana kuhusu jinsi bata wanavyozaliana na kufa. Kila mwaka utabiri wa kila modeli hulinganishwa na idadi ya bata waliohesabiwa porini, na modeli iliyokaribia ukweli huongezewa uzito katika uamuzi unaofuata. Lengo lenyewe limeandikwa wazi: mavuno ya uwindaji ya muda mrefu, yanayopunguziwa thamani idadi ya bata inapotarajiwa kushuka chini ya kiwango kilichokubaliwa.

Kwa hiyo nawauliza wanaoiunga mkono hoja hii: kabla kompyuta haijawashwa, nani ataandika lengo na gharama, na mfugaji au mvuvi atayapinga maandishi hayo wapi?