Naombeni ushauri: nimepewa TA na RA, nichukue ipi?

Kijana wa Moro: Wakuu habari za jioni. Nimepata PhD ya mambo ya udongo chuo kimoja Marekani na idara imeniambia nichague mwenyewe, TA au RA. TA (msaidizi wa kufundisha) ni kusimamia praktiko za wanafunzi wa digrii ya kwanza na kusahihisha, RA (msaidizi wa utafiti) ni kupiga kazi kwenye mradi wa profesa. Zote saa 20 kwa wiki, ada unalipiwa, posho karibu sawa. Wiki ya pili hii usingizi hauji. Wenye uzoefu tu, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Bimkubwa: Hongera mwanangu. Umeoa?

Mchimba Chumvi: RA, unajiuliza nini? Kazi ya mradi ndiyo inageuka tasnifu yako, yaani unalipwa kwa kujisomea.

Ticha Mstaafu: Mi nilikuwa TA hukohuko. Kwanza wanakupima Kiingereza cha kuongea, usipopita hawakupi darasa. Siku ya kwanza nikatamka neno moja kwa lafudhi yangu ya Songea, binti wa mbele akanyoosha mkono akaomba niliandike ubaoni. Nikaliandika, mkono unatetemeka. Jumapili jioni ripoti 48 mezani, ya kwanza unasoma kila mstari, ya arobaini unatafuta jina na jibu la mwisho basi. Ila leo nipe ukumbi wa watu 300 sitikisiki.

Kobe: Mleta mada, hela ya mradi inaisha lini?

Kijana wa Moro: Profesa ni mtu poa sana mkuu, hana makuu kabisa.

Kobe: Sijauliza tabia zake. Inaisha lini?

Kijana wa Moro: Agosti mwakani. Ila kasema ataomba nyingine. Na kusema kweli juzi nimeshamjibu imeili nimekubali. Msinihukumu jamani, TA yao inalipa miezi 9, kiangazi nitakula nini, na wife akija na viza ya F-2, ile ya mke wa mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi.

Bimkubwa: Nilijua kuna mke.

Kobe: Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka. PhD miaka mitano, hela ya mwaka mmoja.

Mpiga Pipeti: Yamenikuta. Profesa wangu alipata chuo kingine mwaka wangu wa pili, akahama na mradi wake, friza likabebwa na sampuli zangu ndani. Nikabaki naangalia alama ya miguu ya friza sakafuni. Idara ikaniokoa kwa TA.

Jicho la Tatu: Wakuu mnakunywa chai. Huyuhuyu Novemba alifungua uzi anauliza bei ya tairi za bodaboda Mbagala, akasema kaishia form four. Leo PhD?

Mchimba Chumvi: 😂😂 Chai ya maziwa na tangawizi.

Kijana wa Moro: Akaunti hii tunatumia na mdogo wangu. Ule uzi ni wake.

Jicho la Tatu: Sukari imezidi.

Ticha Mstaafu: Chai au si chai, wapo watakaosoma huu uzi kesho. Vyuo vingi vya kule vimekubaliana kuwa hakuna kumlazimisha mtu kujibu ofa ya hela kabla ya tarehe 15 Aprili, na hata kama ulishakubali unaweza kujitoa kwa maandishi hadi siku hiyo. Usipigane na profesa. Mwandikie mratibu wa idara, muulize hivi: mradi ukikauka, mnanihakikishia TA? Akijibu kwa maandishi, nenda na RA yako.

Kijana wa Moro: Asante mzee wangu, namwandikia sasa hivi, kule bado mchana.

Jicho la Tatu: Sawa dokta. Na zile tairi ulipata?

Kijana wa Moro: Nilipata Kariakoo mkuu, ila ya nyuma imepasuka wiki mbili tu.