Naomba ushauri: programu yetu imebeba OpenSSL ya zamani
Wakuu, habari za leo. Nimeachiwa seva na jamaa aliyehama kazi. Mfumo nimeshausasisha, ila programu ya malipo imebeba OpenSSL yake tumboni (maktaba ya kusimba mawasiliano na kukagua vyeti vya kidijitali), na ni toleo 1.1.1i. Hiyo ina tundu la usalama lililosajiliwa kwa namba CVE-2021-3450: ukiwasha ukaguzi mkali wa vyeti, X509_STRICT, cheti cha kawaida kisicho na mamlaka ya kutoa vyeti kinaweza kusaini kingine, na hicho kikapita. Yaani mlinzi unamwambia akaze, yeye analegea! Marekebisho yalitoka Machi 2021, toleo 1.1.1k. Sisi tunakagua vyeti vya wateja, na nimeikuta hiyo X509_STRICT imewashwa. Nizime ukaguzi huo kwanza, au nisimamishe huduma niijenge upya programu? Bosi anataka jibu kesho asubuhi.