Panya, nyani na kidonge cha selimundu: maabara za wanyama zifungwe?

Wakuu, kuna hoja nimeisikia tena wiki hii: pesa ya umma isiingie kwenye maabara za panya na samaki, inunulie watoto wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu) kidonge cha kuwapunguzia maumivu, haidroksiyurea. Naipinga, ingawa dawa hiyo naitaka kuliko wengi wenu.

Binti yangu alimaliza miezi sita bila shida yoyote. Mwezi wa saba vidole vikamvimba kama tangawizi, ukigusa shuka tu analia. Daktari akatueleza kwamba mtoto huzaliwa na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya tangu tumboni mwa mama, ambayo haipindi chembe. Kisha mwili huizima na kuwasha ya ukubwani, na hapo ugonjwa hujitokeza. Haidroksiyurea huirudisha ile ya tumboni kwa kiasi.

Lilijulikanaje hilo? Kwa panya lisingeonekana. Panya hana himoglobini ya tumboni kama yetu. Akitoka kwenye ile ya siku za mwanzo za mimba anaingia moja kwa moja kwenye ya ukubwani. Watafiti wakaenda kwa nyani. Mwaka 1982 nyani hao walitolewa damu mpaka wakapungukiwa, wakapewa dawa ya saratani, na himoglobini ya tumboni ikapanda. Mwaka 1984 kima wakapewa haidroksiyurea, ikapanda vilevile. Kidonge mnachotaka kinunuliwe kilipita huko. Wale nyani waliumia, na sisemi ni jambo dogo.

Panya alifaa baadaye, alipowekewa jeni za binadamu. Mwaka 2011 Marekani walizima jeni ya BCL11A, ndiyo swichi inayozima himoglobini ya tumboni, na panya wenye selimundu wakapata nafuu kubwa. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani 2023 inalenga swichi hiyohiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na hapo hasira yenu naielewa kabisa.

Samaki mdogo mwenye milia hutengenezea damu kwenye figo, si kwenye uloto wa ndani ya mifupa kama sisi, lakini jeni ya GATA1 inasimamia chembe nyekundu kwake kama kwetu. Kiinitete chake ni angavu, damu unaiona ikitembea chini ya hadubini. Yanayofanana kwa viumbe wote yaanzie kwa samaki. Nyani aguswe pale tu mwingine hawezi kujibu.

Mnaotaka maabara zote zifungwe: dawa inayofuata ya selimundu mtaijaribu wapi kabla haijafika kwa mtoto?