Salford Red Devils 2025: klabu ya miaka 152 imeuliwa hivi hivi tunaangalia

Wakuu heshima kwenu. Najua wengi hapa raga mnaionea mbali, na hii yenyewe ni ile ya watu 13, sio ya 15 mnayoionaga kombe la dunia, lakini ngoja niandike maana hili jambo limenikaa kooni toka mwezi wa pili na msimu umeisha, klabu imeisha, na mimi hasira hazijaisha.

Nipo Salford, hapa ubavuni mwa Manchester, mwaka wa tisa huu. Raga nilifundishwa na mzee jirani yangu, mtu aliyekuwa anaenda uwanja wa zamani wa The Willows toka yuko shati la shule, na klabu ilivyohamia kule Barton karibu na barabara kuu ya M60 akahama nayo japo kufika kule bila gari ni mateso. Jumamosi ya kwanza alinipitia mlangoni akanipa skafu nyekundu akasema twende. Basi nikawa mtu wa Salford.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hii sio timu mbovu iliyostahili kushuka. 2019 tulicheza fainali ya ligi Old Trafford, tukafungwa na St Helens 23-6. 2020 fainali ya kombe Wembley, tukafungwa na Leeds 17-16, pointi moja! 2024, mwaka jana yake tu, tumemaliza wa NNE Super League, ligi kuu ya huku, chini ya kocha Paul Rowley, timu ya bajeti ndogo inawasumbua wakubwa. Wa nne. Mwaka uliofuata wa mwisho. Niambieni kwa akili ya kawaida wachezaji walisahau kucheza ndani ya miezi minne?

Hawakusahau. Novemba 2024 klabu ikaenda kuomba chama cha raga kiwape pauni 500,000 mapema kwenye mgao wao wa mwaka unaofuata. Hapo ndo tulijua ndani hamna kitu. Wakaambiwa uzeni wachezaji, na wakawekewa kikomo cha mishahara cha pauni milioni 1.2. Halafu Februari wakaja wamiliki wapya, eti wana hela, eti shida zimekwisha, eti uwanja utanunuliwa, picha za kushikana mikono, sisi huku tunalia kwa furaha, mzee wangu kapiga simu kwa mwanae Australia usiku kumwambia tumepona. Kizuizi cha mishahara kikaondolewa. Siku chache tu, hela iliyoahidiwa haijaingia, kizuizi kikarudi, na mechi ya kwanza ya ligi ndo hiyo iko mlangoni.

Jumamosi tarehe 15 Februari, St Helens. Nilikuwepo. Kocha hawezi kupanga wachezaji wake wakubwa kwa sababu mishahara yao inavuka kikomo, wapo wazima wa afya, wamekaa nje, kwa hiyo wanaingizwa vijana wa akiba. Tukafungwa 82-0. Narudia, themanini na mbili kwa bila. Kwa wasiojua hesabu za huku, kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli ni pointi 4 na mkwaju wa nyongeza ni 2, kwa hiyo fikirieni wale madogo walisimama chini ya magoli yao mara ngapi jioni ile, wameshikana mabega, matope mpaka masikioni, wanasubiri mpira upigwe juu ya vichwa vyao halafu warudi kati waanze upya. Kuna dogo mmoja shingo yake bado nyembamba kabisa, anakaba jitu la kilo zaidi ya mia, anaburuzwa, anainuka, anakimbia kurudi kwenye mstari, anaburuzwa tena, na hakuacha mpaka filimbi ya mwisho. Mashabiki wetu tulipiga makofi mpaka mwisho, tunawapigia wao. Mzee hakusema neno treni nzima kurudi Eccles. Nyie wenye klabu mlikuwa wapi jioni hiyo? Nani kati yenu alienda kumwomba msamaha yule mtoto?

Na ilikuwa ndo mwanzo. Mishahara ikawa inachelewa, sio mara moja, ikawa ndo utaratibu. Mwisho wa mwezi ukifika mashabiki tunaulizana wamelipwa? bado. Watu wana nyumba za mkopo, wana watoto, halafu unawaambia nendeni mkagongane vifua dakika 80. Kallum Watkins nahodha akaondoka akaenda Leeds. Marc Sneyd, ubongo wa timu, akaenda Warrington. Simlaumu hata mmoja, ningekuwa mimi ningeondoka mapema zaidi. Waliobaki ndo walicheza na maumivu, na watu wa kuazima, na madogo, huku Rowley kila wiki anaulizwa maswali ya hela ambayo yeye hayamhusu.

Kitu kinachonichoma zaidi ya vyote ni hiki. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya mshahara! Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda wa huku kaskazini walikuwa wakienda kucheza wanapoteza posho ya siku, wakaomba wafidiwe, wakubwa wa raga wakagoma, basi Agosti 1895 pale hoteli ya George mjini Huddersfield vilabu vikajitenga vikaanzisha chama chao. Salford, klabu ya toka 1873, wakajiunga mwaka uliofuata. Yani babu zao walivunja mchezo vipande viwili ili mcheza alipwe, na leo miaka 130 baadaye jezi hiyo hiyo ya Salford mtu anaivaa bila kujua kama ataona hela yake. Hii ni aibu na sina neno lingine.

Agosti tukafika pabaya zaidi. Tunasubiri mechi ya Wakefield, klabu inatangaza haina wachezaji wa kutosha wa kucheza salama, haiendi. Wakefield wakapewa ushindi wa 48-0 bila jasho. Nilienda kwa mzee kumwambia nikakuta keshatengeneza mikate yake kwa ajili ya safari, imefungwa kwenye karatasi, chupa ya chai iko mezani. Akaniuliza, hawaji kabisa? Nikamwambia hawaji. Akafungua ile mikate tukaila pale pale jikoni.

Mashabiki tuliandamana, tukaandika barua, tukapiga kelele. Upande wa pili ni matangazo tu, hela inakuja wiki ijayo, hela iko njiani, benki ndo inachelewesha. Mamlaka ya mapato ikaipeleka klabu mahakamani kwa kodi, kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na nafasi ya Super League 2026 ikaondoka, Bradford wakaichukua. Mwanzoni mwa Desemba mahakama ikaamuru klabu ivunjwe. Kwisha.

Na waliopewa kazi ya kuwakagua hao wamiliki kabla ya kuwapa funguo walikagua nini hasa? Waliomba kuona salio la benki au waliridhika na suti? Huku ukitaka kupanga chumba tu unatoa karatasi za mshahara za miezi mitatu.

Sasa wamepewa watu wengine kuanzisha klabu mpya, inaanzia daraja la pili, Championship. Mzee ameshaniuliza mara mbili kama tununue tiketi za msimu. Sijamjibu. Kabla sijatoa hata pauni moja nataka nisikie wale vijana wa 82-0 wamelipwa kila senti yao.