Kongwa mjini: mwenyekiti wa kijiji yuko wapi?

MwalimuMgeni
Wakuu, mbukwenyi! (Salamu nimeshaipata, Kigogo kingine bado.) Nimehamishiwa Kongwa, mkoa wa Dodoma, tangu Machi nikitokea Rombo, Kilimanjaro, nataka kununua kiwanja. Kwetu unaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji: wajumbe wanaitwa, majirani wanaonyesha mipaka, muhuri unagongwa, mbege (pombe yetu ya ndizi) inanyweka. Hapa muuzaji kanipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilipomuuliza wa kijiji yuko wapi akacheka: "Mwalimu, hapa ni mji." Mji gani, na mbuzi wanalala barazani kwangu?
La pili: mzee mwenye nyumba kila akisimulia anaanza na "enzi za karanga". Karanga zipi?

MbuyuMkongwe
Karibu Ugogo, mwalimu. Nianze na karanga, maana bila hizo hapa pangekuwa pori tu la miiba.
Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaja hapa kulima karanga za mafuta kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakidhani watafyeka ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Mbuyu ukawashinda. Udongo wetu nao ni mfinyanzi: mvua ikikatika unakuwa saruji, karanga ikishakomaa huing'oi. Wangemuuliza Mgogo yeyote kuhusu mvua za hapa angewaambia, lakini nani alimuuliza? Januari 1951 wakatangaza kuacha, mamilioni ya pauni yameteketea. Hata tawi la reli walilolileta kutoka Msagali likaja kung'olewa.
Ila majengo yalibaki. Mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, wakapewa eneo pembeni ya stesheni iliyotelekezwa, Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wao, akiwemo. Wakafuata ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia na MPLA wa Angola. Sehemu ya mashamba ikawa ranchi ya ng'ombe. Na karanga tunalima hadi leo, kwa jembe la mkono, kidogo kidogo, na zinaota!

BintiMbande
Babu kamaliza historia, mimi niseme la kiwanja.
Mwalimu, Kongwa ni mji mdogo, na mji mdogo si mji kama Dodoma. Ni mamlaka iliyo chini ya halmashauri ya wilaya, kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982. Wenyeviti wa vitongoji wanachaguliwa na wananchi, wanaingia kwenye baraza la mji mdogo, na mwenyekiti wa baraza anatoka miongoni mwao. Mtendaji ni mwajiriwa. Kibaigwa, kwenye lile soko la mahindi, ni hivyohivyo.
Tofauti kubwa ni ardhi. Kijijini inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999. Eneo likishakuwa mji mdogo, njia hiyo inafungwa. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi mzuri, anamjua muuzaji na ugomvi wa mpaka, lakini hagawi ardhi wala muhuri wake si hati. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya KABLA hujatoa hata shilingi, uliza kama eneo limepimwa na mchoro wa mipango miji unasema nini. Mimi nilitanguliza hela. "Kiwanja" changu kwenye ramani ni barabara.

MbuyuMkongwe
Na kuna tulichopoteza, binti. Kijiji kina mkutano mkuu kila miezi mitatu, mtu mzima yeyote anasimama na kuuliza hela zimekwenda wapi. Kwenye mji mdogo anayeuliza ni mwenyekiti wako wa kitongoji. Akiwa mpole, na wewe umekuwa mpole.

MwalimuMgeni
Asanteni sana. Leo nimekwenda ofisi ya ardhi na namba za kiwanja cha jirani wa muuzaji. Eneo halijapimwa. Muuzaji kaniambia nisubiri, mara akashusha bei laki mbili. Nikamwambia nasubiri.