Miaka 46, kazi imeota mbawa, nianzie wapi?

Wakuu habari zenu, nimekula miaka 14 kwenye uhasibu hapa Dar, juzi kati kampuni imepunguza watu na mimi nimo. Nawaza nihamie ufundi wa AC na friji maana ofisi sitaki hata kuisikia, wife anasema nimechanganyikiwa, umri huu nikakae darasani na watoto. Nipeni mawazo.

Mzee wa Tabata: Kiinua mgongo wamekupa? Sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Kama unaona wamekuachisha kihuni wahi CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, zikipita unaanza kubembeleza.

fundi_baridi: VETA kuna kozi fupi, nenda tu, joto la Dar la Januari unalijua mwenyewe. Ila hela ya NSSF usiimalizie kwenye geji na mitungi ya gesi, mfuate kwanza fundi mwenye wateja umbebee vifaa, ukipandisha outdoor (ile mashine ya AC ya nje) ghorofa ya nne mgongo wenyewe utakujibu 😂

Dada K: Shem yuko sahihi kuogopa, ada za watoto je? Uhasibu usiutupe, mafundi wengi hesabu ziko kichwani, wafungie vitabu vya hesabu jioni wakulipe.

Muuliza: Hiyo ya vitabu sikuiwaza kabisa. CMA Jumatatu nipo.