Duka limeniuzia dima likaiita thamostati, mjusi wa mwanangu kaungua tumbo

Wadau nina hasira na sitaificha. Hapa Minneapolis, Marekani, kuna duka la wanyama, jina silitaji, nilienda na mwanangu kumnunulia mjusi wake hita ya kubandika chini ya tanki, na nikasema waziwazi nataka na thamostati yake, maana hizi hita haziwashwi bila thamostati. Jamaa wa kaunta akanipa kidude chenye kitufe cha kuzungusha, akasema ndiyo yenyewe hiyo, weka katikati basi umemaliza.

Kumbe ni dima! Dima inapunguza umeme tu, haipimi chochote, haijui kama kioo kina nyuzi 30 au 60. Thamostati ina waya wenye kichwa cha kupimia, joto likifika pale ulipoiseti inakata, likishuka inawasha tena. Ni vitu viwili tofauti kabisa na mtu anayeuza reptilia kila siku ya Mungu hawezi kuniambia alichanganya. Na baridi ya huku, hita ya nyumba ikiwaka na kuzima usiku kucha, dima itajuaje?

Mjusi mwenyewe ni leopadi geko, wale wa madoadoa asili yao Pakistani na Afghanistani huko. Anataka sehemu ya kulaza tumbo yenye nyuzi kama 31 hadi 33 za sentigredi na upande wa pili ubaki wa baridi akapumzike. Nilipopima kioo kwa ile themomita ya infraredi, dima ikiwa hapo hapo katikati alipotuambia, ikasoma 48. Arobaini na nane jamani! Na kile kipimajoto cha duara walichotuuzia siku ileile, cha kubandika ukutani, muda wote kilikuwa kinasoma 27 raha mustarehe, kwa sababu kinapima hewa ya pale juu na hita ya chini haipashi hewa, inapasha kioo, yaani mnyama anaungua huku kipimo kinasema kila kitu shwari.

Tumbo lilikuwa limeiva, doa la kahawia kuanzia chini ya mbavu mpaka kwenye paja, pembeni ngozi inabanduka, anatembea amejiinua ili tumbo lisiguse chini na chakula hagusi. Daktari wa wanyama hata hakuhitaji kutazama mara mbili, akaandika krimu ya silva salfadayazini, ile ya kupaka vidonda vya moto, akasema toeni mchanga wote tandikeni taulo za karatasi kidonda kisishike uchafu. Mwanangu analia ananiuliza kwa nini walimuuzia kitu kibaya.

Nimerudi dukani, meneja ananijibu eti mjusi akisikia moto si atasogea mwenyewe. Hapana! Porini joto linatoka juu, jua, na mijusi mingi ikizidiwa inachimba kwenda chini kutafuta ubaridi, sasa kwenye tanki chini ndiko kwenye moto, anachimba anaufuata. Tena huyu analalia joto ili chakula kisagike tumboni, anaweza kukaa hapo masaa na ngozi inaungua polepole bila yeye kushtuka. Madaktari wa reptilia wanatibu majeraha haya kila mara, siyo jambo geni hata kidogo.

Halafu hela hawarudishi, eti hita ikishabandikwa haipokelewi. Kweli haifai kubandikwa tena, ukiibandua nyaya za ndani zinaweza kukatika ikawaka moto sehemu moja, lakini dima je? Dima haina gundi!

Kwa hiyo wenye watoto wanaofuga naomba msikilize mimi kuliko hao. Hita isizidi theluthi moja ya sakafu ya tanki, upande mmoja tu. Kichwa cha thamostati kibanwe kabisa palepale juu ya hita, maana kikichomoka kikaning'inia nje kinasoma ubaridi wa chumba na hita haizimi tena, hapo ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Tanki liinuliwe kidogo kwa vile vimiguu vya mpira joto lipate pa kutokea, la sivyo kioo kinapasuka. Mchanga usiwe mnene juu ya hita. Na kama ni bearded dragon, yule mjusi wa Australia, huyo anataka taa ya juu, msikubali kuuziwa hita ya chini kama ndiyo joto lake.

Na wale wanaofungasha vitu vya huku kutuma nyumbani, hita ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka Nairobi au Dar kwenye 230 na kitu inavuta nguvu karibu mara nne. Hiyo inachoma nyumba, siyo mjusi peke yake.

Nimesharipoti SaferProducts.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuripoti bidhaa hatari, picha za tumbo na risiti nimeziambatanisha, na barua ya malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa Minnesota naiandaa. Mwenye risiti ya dima iliyouzwa kwa jina la thamostati hapa mjini anitumie PM tupeleke pamoja.